Udongo usiofaa mahindi si lazima ufae nyumba

Kila mashamba yanapokatwa kuwa ploti katika nyanda za Athi, kuanzia Mlolongo hadi Kitengela, utetezi huwa ule ule: ardhi hii haifai kilimo, basi na ijengwe. Huko ni kuisoma ramani ya udongo nusu nusu.

Mfumo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa wa mwaka 1976 huipanga ardhi kuanzia S1, inayofaa sana, hadi N2, isiyofaa kabisa. Lakini daraja hilo hutolewa kwa matumizi mahususi tu. Herufi inayofuata hutaja kasoro: e ni mmomonyoko, m ni uhaba wa unyevu. Uhaba wa unyevu waweza kutatuliwa kwa kunyunyizia maji. Mteremko mkali hauondoki.

Chukua udongo mweusi unaonata. Kule Mwea huzuia maji yasizame, ndiposa mpunga ukastawi. Kitengela, sifa iyo hiyo huyafanya majitaka kufurika kutoka mashimoni wakati wa masika, huku udongo ukivimba na kupasua kuta. Anayeumia ni mnunuzi aliyechukua mkopo, wala si dalali.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti kuwa na mipango ya ardhi ya miaka 10. Kabla ya kuidhinisha ugawaji, maafisa wa Kajiado na Machakos wadai tathmini ya udongo iliyofanywa kwa ajili ya makazi, si kuazima ile ya mahindi.