Mnyama ni Wetu, Kiingilio ni cha Nani?



Kila skuli zikifungwa huku Ulaya, wengi wetu hukata tiketi tukaenda Zanzibar. Tunakwenda Forodhani, tunahudhuria harusi mbili tatu, tunawapeleka watoto Nungwi wakaogelee, basi. Watoto wanarudi London hali wanamjua simba wa kwenye televisheni, lakini hawajapata kumwona kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, dunia nzima. Mtalii wa Kitaliana anamjua kuliko mjukuu wa Makunduchi.

Tusidhani hili ni suala la matembezi tu. Ni siasa, na siasa yenyewe ni ya kiingilio: nani anapokea pesa mlangoni, na yule mkulima aliyeliwa nazi zake anapata nini?

Chukueni Jozani, ambayo tangu mwaka 2004 ni Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka. Ukifika asubuhi mapema utawakuta kima wako chini kabisa, wala hawamkimbii mtu. Mgongo mwekundu, kifua cheupe, nywele za kichwani zimesimama kama za mzee aliyeamka sasa hivi. Wanatoka msituni wakaingia mashambani kula majani machanga ya miembe na mikungu, na nazi changa vilevile, kisha huenda kuokota makaa na kuyatafuna, nayo huwasaidia kuzuia sumu iliyomo katika majani hayo. Kwa miaka mingi mkulima wa Pete alimhesabu kima kuwa ni mwizi. Jina lenyewe linasema: punju ni sumu, na watu waliamini kuwa mti alioukalia hunyauka.

Kilichobadilisha mambo si hotuba za uhifadhi. Ni pale sehemu ya pesa za watalii ilipoanza kurudi vijijini, nyengine ikiwa fidia kwa wenye mashamba. Na barabarani yakawekwa matuta, maana magari yalikuwa yakiwagonga kima ovyo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilikuta kima zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Bado wamo khatarini, lakini wapo. Chui wa Unguja hakupata bahati hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 aliwindwa katika kampeni iliyochanganya chui na uchawi, na leo hakuna mwenye ushahidi wa yakini kuwa yungali hai.

Pemba, ambayo kwa kusahauliwa haina mshindani, ina hadithi nzuri zaidi. Popo wa Pemba hapatikani pengine popote. Ni mkubwa, mabawa yakikunjuliwa hufikia kiasi cha mita moja na nusu. Watu walimla, misitu ikakatwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa karibu kutoweka. Vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda. Leo wamo maelfu kwa maelfu, na Kidike, kaskazini ya Chake Chake, mgeni analipa kijijini kwenda kuwatazama wamening'inia mitini kama embe bivu. Ukiwa huko usirudi bila ya kufika Ngezi, kwani Pemba ina ndege wanne ambao ni wake peke yake, na mmoja wao ni bundi mdogo anayesikika usiku katika msitu huo.

Misali nayo, kisiwa cha kasa na matumbawe, imekuwa hifadhi tangu 1998. Pale walishirikishwa wavuvi wenyewe, na masheikh wakafundisha kwa dalili za dini kwamba kuvua kwa baruti ni uharibifu. Mvuvi asiyeisikiliza amri ya afisa wa serikali alimsikiliza sheikh wake. Hilo linafaa kusomwa na kila mwenye kuandika mipango Vuga.

Sasa njooni Kizimkazi, ambako mambo hayaendi vizuri. Zamani pomboo walivuliwa wakawa chambo cha papa. Miaka ya 1990 watalii walipoanza kuja, wavuvi wakaona kuwa pomboo aliye hai ana faida kubwa zaidi. Vizuri. Lakini leo boti kumi hulizunguka kundi moja, injini zinanguruma, wageni wanarushwa majini juu ya vichwa vyao. Watafiti wameonyesha kuwa pomboo hao hupata muda mchache wa kupumzika pindi boti zikiwepo. Nahodha tusimlaumu peke yake. Bei hupangwa mjini na papasi, yeye hupata kinachobaki, kwa hivyo hukimbiza safari ili apate riziki ya siku.

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Ukenda, kodi boti Kizimkazi kwenyewe, alfajiri, na mpatane na nahodha kabla ya kupanda: injini izimwe mbali, na pomboo wakija waje wenyewe. Mlipe vizuri, kwani umekwisha kumpunguzia papasi. Jozani na Kidike, chukua kijana wa kijijini akutembeze, na umuulize mbele ya watoto wako pesa za kiingilio zinakwenda wapi.

Swali hilohilo tuliulize na juu zaidi. Tangu mwaka 2021 serikali imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Mwekezaji si lazima awe adui. Chumbe inaendeshwa na kampuni binafsi, ilitangazwa hifadhi 1994, na matumbawe yake yametunzwa vizuri, na watoto wa skuli hupelekwa kusoma huko. Lakini visiwa hivi vina wavuvi wanaopanga dago, vina kasa wanaotaga, na tunataka mikataba isomwe hadharani, kifungu kwa kifungu: mvuvi ataruhusiwa kutia nanga au la, kijiji kilicho ng'ambo kitapata asilimia ngapi, na ufukwe wa kasa utazimwa taa usiku au utajengwa baa?