Muziki unaofuata hatua zako

Daktari akikuambia sukari imepanda na sharti ufanye mazoezi, wasiwasi hukushika. Mama anayeshinda ameketi kwenye kibanda chake cha mboga Kawangware, au fundi wa cherehani kule Kibera, hujiuliza: pesa za kulipia ukumbi wa mazoezi zitatoka wapi?

Ndugu msomaji, si lazima ulipe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea upesi kunatosha. Shida ni kuwa wengi huanza kwa pupa, na siku ya tatu wamekata tamaa. Hapo muziki husaidia.

Mwaka wa 1998 mjini Birmingham, Uingereza, Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliweka rekodi ya mita 2,000 katika mbio za ukumbini, huku akilinganisha hatua zake na wimbo uliokuwa ukichezwa. Yeye aliufuata wimbo. Siku hizi wimbo waweza kumfuata mtu. Ndani ya simu za kisasa mna kifaa kinachohisi mtikisiko wa kila hatua. Programu huhesabu hatua hizo, kisha huchagua wimbo ambao midundo yake inalingana nazo. Nyingine huharakisha au kupunguza kasi ya wimbo wenyewe.

Je, simu yako ni mulika mwizi? Usijali. Hesabu hatua zako kwa sekunde 15, kisha uzidishe mara 4. Kwa watu wazima wengi, hatua 100 kwa dakika ni mwendo wa wastani. Tafuta wimbo unaokubaliana na mwendo huo. Rumba ya Kongo yafaa sana: nyimbo nyingi huanza polepole, mwili ukapata joto, halafu sebene ikaingia. Malizia kwa wimbo wa taratibu ili moyo utulie.

Kipimo ni hiki: ukiweza kuimba pamoja na mwanamuziki, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza.

Lakini tahadhari! Reli hupita katikati ya Kibera, na wengi huifanya njia ya miguu. Aliyeziba masikio yote mawili hatasikia honi ya treni, wala pikipiki katika barabara ya Naivasha kule Kawangware. Acha sikio moja wazi. Afadhali zaidi, tembeeni wawili au watatu na redio moja ndogo, kabla giza halijaingia.

Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Anayetumia insulini abebe kitu kitamu, sukari isije ikashuka njiani. Na dawa zako usiziache. Muziki hauponyi kisukari. Kazi yake ni kukufanya utoke tena kesho.