Risala ya Watanzania Tufanyao Kazi Muscat kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, kina mama na kina baba, na ninyi ndugu mlioomba ruhusa ya saa mbili tu ili mfike hapa,

Tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza siku ya Ijumaa. Wenzetu wengi hawapo ukumbini, na si kwamba wamepuuza mwaliko. Hawaruhusiwi kuvuka geti. Haya tutakayoyasema ni yao zaidi kuliko yetu.

Tuliweke jambo moja wazi mapema, lisije likageuzwa. Hatukuja kuilaumu Oman kwa kuwa na sheria zake. Nchi hii imetupa riziki, na wapo kati yetu waliojenga Mbagala na Bububu kwa riali za hapa. Anayekwenda kwa watu hufuata ya kwao. Tunacholalamikia ni kusafirishwa bila kuambiwa hayo ya kwao ni yapi, kisha tukaachiwa polisi watufundishe. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Sisi tulipewa usiku ule ule wa kufika, na hakuna aliyetuonyesha mpaka wa shamba.

Chukua Ramadhani. Sheria ya adhabu ya 2018, kifungu cha 277, inamweka ndani kuanzia siku 10 hadi miezi 3 mtu anayekula au kunywa hadharani mchana wa mwezi huo. Kijana Mkristo kutoka Moshi, anayeshinda juani kwenye jengo, nani alimwambia kwamba chupa ya maji kando ya barabara inaweza kumpeleka kituoni? Dalali wa kazi aliyepokea hela zake hakusema. Au chukua simu. Dada anawarushia nduguze Tanga video ya jiko analofanyia kazi, wapate kuona alipo, na nyuma yake anapita binti wa mwenye nyumba bila shungi. Kwetu hiyo ni salamu. Hapa ni kuingilia faragha ya watu, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2011 ina kifungo chake. Tusi la kwenye WhatsApp nalo ni kesi. Miraa usiiguse, na tramadol usiibebe kwenye begi bila karatasi za daktari na kibali.

Lakini linalotuumiza zaidi ni michango. Mtanzania akifiwa, jambo la kwanza ni daftari: nani katoa ngapi. Mwenzetu akifia hapa, kusafirisha maiti ni gharama kubwa, kwa hiyo tunafungua kundi la simu na kupitisha bakuli kama tulivyolelewa. Sheria ya hapa inakataza kuchangisha fedha kwa umma bila kibali, na sababu zake tunazielewa. Hata hivyo, maiti haisubiri. Tumekaa na msiba huku tukiogopa kuandika majina ya waliochangia.

Mheshimiwa, kuna jambo ambalo mfanyakazi kutoka Ufilipino au Bangladesh halimpati kama linavyotupata sisi. Nyumba nyingi hapa zinaongea Kiswahili. Ni familia zilizoishi Zanzibar na kuondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi walikuja hapa Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970. Unashushwa Seeb usiku, mama wa nyumba anakwambia karibu mwanangu, chai ina iliki, mezani kuna vitumbua. Moyo unatulia. Na hapo ndipo mtego ulipo, maana mtoto wa nyumba haombi siku ya mapumziko, hana saa ya kulala, wala haulizi kwa nini mshahara umepita mwezi wa pili. Siku akitaka kuondoka, umwana unakwisha papo hapo. Anakuwa mfanyakazi aliyetoroka, na kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, anakwenda kuripoti. Hatusemi wote, wapo waliotutunza kwa haki, na Mungu awalipe. Ila mapenzi ya mwajiri si mkataba.

Mkataba wenyewe ni taabu nyingine. Uliosainiwa Dar es Salaam una mshahara wake, ule wa Kiarabu una wake, na unaohesabika hapa ni wa Kiarabu. Sheria mpya ya kazi, Amri ya Sultani namba 53 ya 2023, imetuacha nje sisi wa majumbani. Tunaendeshwa kwa kanuni za waziri. Serikali ya hapa imekwisha kukataza mwajiri kushika pasi ya mfanyakazi bila ridhaa yake, lakini pasi zetu nyingi ziko kabatini kwa kafili, na aliyeombwa ridhaa hatumjui. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti nzima kuhusu Watanzania wa kazi za ndani katika Oman na Falme za Kiarabu: pasi zilizozuiwa, mishahara isiyolipwa, kazi zisizo na saa. Wanaoshuka uwanja wa ndege leo wanatuhadithia yale yale.

Kwa hiyo tunaidai serikali yetu yafuatayo. Asipande ndege mtu yeyote kabla hajafundishwa, kwa Kiswahili, na mtu aliyeishi huku. Na afundishwe sheria inayombana pamoja na inayomlinda, kwa sababu hiyo ya pili madalali huificha kwa makusudi. Mkataba wa Kiarabu uwe na tafsiri ya Kiswahili iliyogongwa muhuri, na nakala ibaki kwa familia. Bara na Zanzibar kila upande una utaratibu wake wa kupeleka wafanyakazi nje, na dalali anayebanwa huku anahamia kule; pande mbili zikae zikubaliane. Kuwe na simu inayopokewa usiku, maana mtu hafukuzwi saa za ofisi. Na tunaomba mzungumze na wenyeji wetu tupate njia halali ya kuchangiana msiba.

Ombi letu zito kuliko yote ni hili: msitujibu kwa kutufungia safari. Dalali atampitisha mtu nchi jirani kwa viza ya matembezi, na huyo atafika hapa bila mkataba wowote, bila jina lake kuandikwa popote. Mkifunga mlango mtakuwa mmewaongezea madalali biashara.

Tunaomba majibu kwa maandishi, na tarehe ya kila jambo litakalotekelezwa.

Tunaomba kuwasilisha.