Famasi siyo tairi la spea

Niko hapa Upanga, kampasi ya Muhimbili. Nimekuwa kimya kidogo maana msuli umekaza, ila leo lazima niseme hili kwa sababu msimu wake huja kila mwaka kama masika. Matokeo ya fomu siksi yakishatoka, mwezi wa saba hivi, simu yangu haipumziki. Binamu, rafiki wa binamu, mtoto wa jirani yake shangazi, wote na swali lile lile: "Kaka, nimesoma PCB, MD naona kama sitaipata. Niweke famasi?"

Swali lenyewe halina ubaya. Kinachoniuma ni hilo neno "niweke". Mtu anaiweka famasi kama dereva anavyoweka tairi la spea kwenye buti: hajawahi kuliangalia, hajui lina upepo kiasi gani, anaomba Mungu asilihitaji. Halafu njiani pancha inatokea, tairi linafungwa, na safari ya miaka minne inaanza kwa manung'uniko.

Tuanze na mfumo wenyewe, maana wazee wengi nyumbani bado wanatoa ushauri wa zamani. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalikuwa yanapita kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na wao ndio walikuwa wanakupangia. Hiyo imekwisha. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 unaomba moja kwa moja chuoni, kila chuo na mfumo wake wa maombi. TCU wanatoa mwongozo wa sifa kila mwaka, wanahakiki majina, na ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja wanataka uthibitishe kimoja tu ndani ya muda uliopangwa. Kwa hiyo siku hizi huwezi kusema "nimepangiwa". Uliomba mwenyewe, ukathibitisha mwenyewe. Uhuru huo ni mtamu, lakini unakuja na mzigo wake.

Halafu kuna hili la sifa za chini. Famasi inataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kila daraja lina pointi zake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mwenye C tatu ana pointi 9, mwenye B tatu ana 12. Wote wawili wanaweza kuwa wamevuka mstari wa chini na wote wakaruhusiwa kuomba. Kuruhusiwa kuomba siyo kuchaguliwa! Nafasi zikiwa chache, wanaanza na wa juu. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba "famasi wanachukua yeyote aliyekosa MD". Soma mwongozo wa mwaka wako, siyo ule wa kaka yako aliyeomba miaka mitatu iliyopita. Na usitazame mlango mmoja tu. Famasi inafundishwa hapa Muhimbili, ipo Bugando kule Mwanza, ipo St. John's pale Dodoma, na vyuo vingine pia. Ada zinatofautiana sana, kwa hiyo kaa na mzazi mpige hesabu kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Haya, sasa nije kwenye hoja yangu. Watu wengi wanaoijaza famasi hawajui mfamasia anafanya nini. Wanamuona nyuma ya dirisha, anapokea karatasi, anahesabu vidonge, anaandika 1x3 kwenye kibahasha. Wanasema ah, hiyo kazi mbona nyepesi.

Chukua mfano wa dawa ambayo kila nyumba ya Tanzania inaijua, dawa ya mseto ya malaria. Nchi yetu iliacha klorokwini mwaka 2001 ikaenda SP, na mwaka 2006 ikaingia kwenye mseto kwa sababu vimelea vilishakuwa sugu. Mtu mzima anapewa vidonge 24 kwa siku tatu, vinne vinne. Dozi ya pili inatakiwa saa nane baada ya ile ya kwanza, siyo kesho yake asubuhi. Na moja ya dawa mbili zilizomo haipendani kabisa na maji, inahitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri tumboni, ndiyo maana unaambiwa ule kitu au unywe maziwa. Sasa fikiria: daktari amepima sawa, ameandika dawa sawa, dawa yenyewe ni nzima. Mgonjwa anafika dirishani, anapewa mfuko, anaambiwa "nne asubuhi, nne jioni, haya mwingine". Anakwenda kumeza tumbo tupu, dozi ya pili anairukisha. Homa ikirudi wiki mbili baadaye, anasema dawa za siku hizi feki.

Nani alikuwa wa mwisho kuongea na yule mgonjwa? Siyo daktari, ni mtu wa dirishani. Ndiyo maana nasema hii kazi haitaki mtu ambaye moyo wake uko jengo la pili anaangalia makoti ya wenzake.

Na ili ujue kwa nini ile dawa inataka mafuta, inabidi uipende kemia. Nasema tena, kemia. Hapa utaisoma kemia ya dawa, utasoma jinsi dawa inavyotengenezwa na kupimwa ubora, utasoma dawa zitokanazo na mimea, utasoma famakolojia mpaka uote nayo usiku. Mdogo wangu aliyekuwa anaichukia kemia Advance, akaikariri tu ili apate C yake, akija huku anategemea ataikwepa, atakutana na sapu mfululizo, na kudisko siyo hadithi ya kutishia watoto.

Wengine wananiambia famasi ni njia ya mkato. Tupige hesabu. Famasi ni miaka minne darasani, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo kabla Baraza la Famasi halijakusajili. MD ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo. Tofauti ni mwaka mmoja. Kama sababu yako ni huo mwaka mmoja, mkato huo haukufikishi mbali.

Wazazi nao wana yao. Baba anasema soma famasi mwanangu, tutafungua duka la dawa. Wazo siyo baya, ila duka la dawa muhimu halihitaji digrii ya miaka minne. Mpango ule ulianza Ruvuma mwaka 2003 ukasambaa nchi nzima, na watoa dawa wake wanapewa mafunzo mafupi yaliyopangwa kwa kazi hiyo. Kinachohitaji mfamasia aliyesajiliwa ni famasi yenyewe. Na hapo ndipo mtaani utasikia habari za mtu kuning'iniza cheti chake ukutani, analipwa kila mwezi, lakini dukani hakanyagi. Mtu aliyeingia kwenye fani bila kuitaka ni rahisi sana kuishia hivyo. Cheti kinafanya kazi, mwenyewe hayupo.

Najua wapo watakaonijia juu. Watasema, wewe umeshaingia ndiyo maana una maneno mengi, mtoto wa mkulima atachagua nini, akipata kozi yoyote ya afya na bumu juu ashike. Hoja hii naiheshimu, maana nyumbani kwetu pia hakuna miti ya pesa. Na siwezi kumlaumu mtu kwa kuiweka famasi namba mbili. Namba siyo kosa. Darasani kwetu wapo walioiandika namba mbili wakaipenda, na sasa hivi wanatufundisha sisi wengine. Ninachopinga ni kuijaza bila kuijua, halafu mwaka mzima wa kwanza ukakaa umebeba begi mgongoni, unasubiri dirisha la mwakani ujaribu tena MD. Ukiondoka mwaka wa kwanza, kile kiti ulichokalia hakimpati yule binti wa Songea au Kigoma aliyeiandika famasi namba moja, akaachwa kwa pointi moja. Yeye alishapewa majibu yake na maisha yakaendelea. Kwa mfukara mwenzangu ndiyo kabisa, maana hana mwaka wa kupoteza.

Kwa hiyo nikipigiwa simu siku hizi sijibu "weka" wala "usiweke". Nampa kazi tatu. Kwanza, nenda hospitali ya wilaya iliyo karibu, omba ruhusa, kaa na mfamasia asubuhi moja tu, uone foleni, uone stoo, uone anavyompigia simu daktari kuuliza dozi ya mtoto. Pili, fungua daftari lako la kemia ya fomu siksi, soma kurasa kumi. Kama roho inakataa, isikilize. Tatu, mwambie mzazi wako kwa sauti, "Nataka kuwa mfamasia," bila kuongeza "kwa sababu nimekosa...". Kama sentensi haimaliziki bila hiyo sababu, bado hujaamua.

Ukipita hizo tatu, jaza bila aibu, hata kama ni namba moja juu ya MD na pointi zako zinatosha kote. Mshikaji mmoja hapa alifanya hivyo, ukoo mzima ukamwita kichaa. Leo ndiye anayepigiwa simu na ukoo mzima kuuliza kama hii dawa ya presha inaendana na ile ya kisukari.

Na kama pointi hazikutosha, msikate tamaa. Kuna diploma ya famasi, unatoka fundi dawa sanifu, na ukifaulu vizuri mlango wa digrii uko wazi kwako kwa sifa zake. Wenzetu waliopitia huko wanafika darasani wakiwa wameshakaa dirishani, wameshagombana na stoo tupu, wanajua kila sanduku linakaaje. Mimi nikikwama kwenye somo la utoaji dawa, nawafuata wao.

Kazi zenyewe ziko hospitali, viwandani, Bohari ya Dawa, TMDA na kwenye famasi za mitaani, ila ajira hazigawiwi kama pipi na foleni ipo. Hilo nalo mlijue kabla, siyo baada ya joho.

Nawasilisha, wadau. Waombaji wote nawatakia kila la heri, na mkithibitisha chuo, thibitisheni mahali mnapotaka kuamkia kwa miaka minne. Acha nikimbie, Ijumaa tuna testi ya famakolojia na mwalimu ameshasema hataki kuona mtu anakariri.