Kupe wa Soin na Somo la Mitokondria

Anayeteremka kutoka mashamba ya majani chai ya Kericho kuelekea Soin huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Baridi hupungua, miwa huchukua nafasi ya chai, na ng'ombe wa kienyeji huonekana wakilisha kando ya njia. Wakipsigis tangu jadi wametenga nyanda za joto, soin, na nyanda za juu, mosop. Kupe hautambui mpaka huo. Ng'ombe anaponunuliwa mnadani na kuswagwa kupanda mlima, kupe husafiri naye masikioni bila kulipa nauli.

Huko juu humngoja mkulima mwenye ng'ombe mmoja wa gredi, ambaye maziwa yake ndiyo karo ya mtoto. Kupe wa rangi ya kahawia apendaye masikio ndiye aenezaye ndigana kali. Tezi za chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mnyama hukataa malisho, na mwishowe hupumua kwa taabu huku povu likimtoka puani. Ng'ombe wa gredi asiyetibiwa mapema aghalabu hufa katika muda wa majuma machache. Hasara ya namna hiyo haihitaji kufafanuliwa katika nyumba yoyote ya Kericho au Bomet.

Tukiwa na adui wa jinsi hiyo mlangoni, inashangaza kwamba wanafunzi wetu husomeshwa mitokondria kana kwamba ni pambo la daftari. Huichora, huandika kuwa ndiyo kiwanda cha nguvu za seli, hupata alama zao na kusahau. Ni wachache waambiwao kwamba kiwanda hicho kina DNA yake chenyewe, nje ya kiini cha seli. Katika kupe, DNA hiyo ni pete ndogo yenye herufi zipatazo 15,000 na jeni 37, ilhali jenomu ya kiini huweza kupita herufi bilioni moja. Tena pete hiyo hurithiwa kwa mama. Kwa kuwa haichanganyiki na ya baba, anayeisoma huweza kufuata ukoo wa mama vizazi na vizazi.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu yeyote angelifurahia darasani. Kupe jike wa ndigana hutaga maelfu ya mayai, lakini vimelea vya ugonjwa havipiti katika mayai hayo. Kila kupe mchanga huanguliwa akiwa safi, na huchukua vimelea anaponyonya damu ya ng'ombe mgonjwa, kisha huvipitisha kwa ng'ombe mwingine baada ya kujibadili umbo. Mama basi hamrithishi mwanawe ndigana; humrithisha mitokondria. Ugonjwa hutueleza habari za ng'ombe aliyenyonywa, na mitokondria hutueleza kupe mwenyewe alikotoka.

Mwaka wa 1998 ilichapishwa jenomu ya mitokondria ya kupe wa mbwa, jamaa ya karibu ya kupe wetu wa masikioni, ikaonekana kwamba baadhi ya jeni zimehama mahali pake pa kawaida. Mwaka wa 2016 utafiti juu ya kupe wa masikioni waliokusanywa nchini Kenya ulionyesha kuwa wamegawanyika katika koo mbili za kike. Tusilipuuze hilo. Kupe wa aina hii walioko Zimbabwe na Afrika Kusini hulala msimu mzima wakingoja mvua, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Wa kwetu karibu na ikweta hawana usingizi huo. Ratiba ya josho inayofaa kule haitufai sisi.

Wapo watakaouliza iwapo herufi hizi zitamponya ndama. Hazitamponya. Chanjo iliyobuniwa Muguga ndiyo ikingayo, nayo huhifadhiwa katika baridi kali mno na hufungwa kwa dozi nyingi pamoja, hata mwenye ng'ombe mmoja hulazimika kuwangoja majirani. Majosho nayo tunajua yaliyoyapata tangu miaka ya 1990, serikali ilipojiondoa na kuwaachia wananchi. Mengi yamebaki kuta zilizoota nyasi. Mkulima aliyebaki na bomba la mgongoni hupima dawa kwa kukisia, na dawa hafifu ndiyo impayo kupe nafasi ya kuizoea.

Hofu yetu kubwa, hata hivyo, ni ya kupe mgeni. Kupe wa buluu wa asili ya Asia, aliyekwisha kuwashinda wenyeji katika sehemu kadhaa za Tanzania, alithibitishwa Kwale katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020, na mitokondria ndiyo iliyoonyesha ni wa ukoo gani. Kwa macho hutofautiana kidogo sana na kupe wa buluu wa kienyeji. Katika nchi nyingine amekuwa sugu kwa dawa nyingi za josho. Malori ya mifugo hayasimami Kwale. Siku atakapofika mnada wa Soin, ni nani atakayemtambua?

Tunapendekeza jambo lisilo na gharama kubwa. Kila shule ya sekondari ya eneo hili iwe na chupa za spiriti katika maabara. Wanafunzi wakusanye kupe kutoka ng'ombe wa nyumbani, waandike tarehe, kijiji na sehemu ya mwili walipowatoa, na kuwahesabu kwa aina. Maafisa wa mifugo wa kaunti wazipokee chupa hizo kila muhula na kuzifikisha kwa wenye vyombo vya kusoma DNA. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko papa hapa Kericho, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iko Nairobi. Majibu yarudishwe shuleni kwa maandishi, yenye jina la kijiji, yakabandikwe ukutani karibu na ule mchoro wa seli.