Pipa la moshi ni mtaji, lakini lina masharti yake

KWA miaka mingi mkulima wa Tabora amekuwa akiuza mali ghafi. Tumbaku inaondoka ikiwa majani, asali inaondoka kwenye madumu, na kuku anaondoka akiwa hai ndani ya tenga. Faida kubwa huishia kwa yule anayeimalizia kazi hiyo mbele ya safari. Leo tunazungumzia kazi moja ndogo inayoweza kumbakishia mfugaji sehemu ya faida hiyo: kumpika bata mzinga mzima kwa moshi ndani ya pipa la chuma.

Biashara ya kumlisha msafiri si ngeni Unyamwezi. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi walikula kwa kununua vyakula vya wanavijiji njiani, na malipo yalikuwa nguo na shanga. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, msafara wa miguu ulikufa, lakini njaa ya msafiri haikufa. Tabora bado ni njia panda ya reli za Kigoma, Mwanza na Mpanda, na mabasi nayo yanapita. Mwenye chakula kizuri hapa hakosi mteja.

Bata mzinga si ndege wa kila kaya. Ni ghali, hukua taratibu, na mteja wake humtafuta zaidi wakati wa Krismasi, Pasaka, Idi na harusi. Kwa sababu hiyo ndiye anayefaa kuuzwa akiwa amepikwa, kwa oda, badala ya kuuzwa kwa bei ya kutupa mkesha wa sikukuu.

Lakini kabla ya kuwasha moto, mjasiriamali afanye hesabu. Ndege mwenye kilo 8 akiwa hai hubaki na takriban kilo 6 akishachinjwa na kusafishwa, na takriban kilo 4 na nusu akishaiva. Tuchukulie amenunuliwa kwa Sh60,000. Anayegawa kwa kilo 8 ataona kila kilo imemgharimu Sh7,500. Ukweli ni kwamba kila kilo inayofika mezani imemgharimu zaidi ya Sh13,300, kabla ya kuni, chumvi, usafiri na jasho lake. Wengi hufilisika kwa sababu ya hesabu hii kutofanywa, wakidhani wanapata faida kwa kuwa wateja ni wengi.

Pipa lenyewe halina siri. Pipa la lita 200 linatosha. Fundi hutoboa matundu ya hewa chini yanayoweza kufungwa na kufunguliwa, huweka mlango wa kuchochea moto, wavu wa chuma sehemu ya juu, na mfuniko wenye bomba la kutolea moshi. Kati ya moto na wavu liwekwe sufuria la maji. Maji hutuliza joto na kuzuia mafuta yasidondokee kwenye makaa, kwa maana mafuta yanayoungua hutoa masizi machungu yenye kemikali zinazohusishwa na saratani.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa mkoa wetu. Maeneo ya tumbaku kama Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui yana mapipa na vyombo vilivyobeba viuatilifu. Pipa la namna hiyo lisitumike kwa chakula kabisa, hata likichomwa na kuoshwa mara kumi. Lililokuwa na mafuta ya kula lichomwe kwa moto mkali hadi rangi yote iishe, lisuguliwe, lipakwe mafuta ya kupikia na kuchomwa tena likiwa tupu. Wavu nao usiwe wa mabati yenye zinki. Muuzaji asiyeweza kueleza pipa lake lilibeba nini mwanzoni, usinunue kwake.

Kuni ziwe kavu na zisiwe na rangi wala dawa. Matawi ya mwembe au mpera yaliyopunguzwa shambani yanafaa. Hakuna sababu ya kukata mti mzima katika mkoa ambao misitu yake ya miombo imekatwa kwa muda mrefu kukaushia tumbaku. Kuni mbichi hutoa moshi mzito, na nyama huwa chungu. Moshi unaotakiwa ni mwepesi, unaokaribia kutoonekana.

Ndege apasuliwe mgongoni na kutandazwa kama kuku wa kubanika. Katika joto la nyuzi 110 hadi 135, wa kilo 6 aliyetandazwa huhitaji takriban saa 3 hadi 4, wakati aliyeachwa mzima huweza kuchukua saa 5 hadi 7. Wenye jokofu wanaweza kumlaza usiku mmoja kwenye maji ya chumvi, gramu 60 kwa kila lita. Asiye na jokofu asifanye hivyo katika joto la Tabora. Ampake chumvi na viungo, kisha ampike siku hiyo hiyo.

Kuiva kusipimwe kwa macho. Moshi huacha wekundu chini ya ngozi hata nyama ikiwa imeiva, na ngozi huweza kuwa ya dhahabu huku paja likiwa bado bichi. Kipimajoto cha nyama kichomekwe kwenye sehemu nene ya paja na ya kifua bila kugusa mfupa, na kisome nyuzi 74. Chini ya hapo bakteria kama salmonella wanaweza kubaki hai. Bei ya kipimajoto ni ndogo kuliko hasara ya harusi moja iliyoishia hospitali.

Jambo la mwisho ndilo linalowapoteza wengi. Watu wa njia hii wamezoea migebuka iliyokaushwa kwa moshi kutoka Kigoma, wakaamini kwamba chochote kilichopita kwenye moshi hakiozi. Samaki yule hudumu kwa sababu amekaushwa hadi maji yamemtoka. Bata mzinga wa pipa amepikwa tu, bado ana maji mengi. Aliwe akiwa moto, au ahifadhiwe kwenye baridi ndani ya saa 2 na kuliwa ndani ya siku 3 au 4. Anayefikiri kumpakia kwenye treni kwenda Dar es Salaam akiwa amefungwa kwenye gazeti anapakia sumu. Soko lake ni hapa hapa: hoteli, sherehe, ofisi na abiria anayekula papo hapo.

Tunatoa wito kwa SIDO na VETA, ambao wapo Tabora, kuwapa mafundi wetu mchoro mmoja wa pipa salama na kuwafundisha wapishi kutumia kipimajoto. Tunazitaka halmashauri zipeleke maofisa afya na mifugo kwa wajasiriamali hawa kabla ya sikukuu, wakiwa na elimu mkononi, badala ya kusubiri na kwenda kuwamwagia chakula. Na wajasiriamali wenyewe wajue kwamba tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya TFDA yamehamia TBS. Anayetaka kufungasha na kuuza madukani aanzie huko.

Mababu zetu waliulisha msafara uliokuwa ukipita mlangoni mwao. Msafara wa leo unasafiri kwa basi na treni, na una fedha taslimu. Mfugaji wa Tabora aandae pipa safi, kipimajoto na daftari la hesabu, na faida ya ndege wake ibaki nyumbani kwake.