Mungu hufuta deni, hafuti jasho



Leo naomba tutafakari jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, hata la kitoto. Ni habari ya gemu za kwenye simu. Msifunge gazeti kwanza. Ndani ya jambo hili dogo kuna swali zito ambalo Maandiko yanalirudia mara nyingi: nani ana haki ya kufuta kazi ya mtu mwingine?

Pale Mwandiga, kwenye njia panda ya kwenda Manyovu, yupo kijana wa bodaboda ambaye, kama wenzake wengi, akisubiri abiria hucheza gemu ya mpira kwenye simu. Kwa miaka mitatu aliijenga timu yake, mchezaji mmoja mmoja, bando kwa bando. Kumbukumbu zake zote zilikuwa mle: mechi alizocheza, alizoshinda, mabao, daraja alilofikia. Asubuhi moja alifungua simu akakuta vyote vimerudi sifuri. Ujumbe mfupi wa Kiingereza ulimwambia kwamba amevunja masharti, bila kutaja sharti gani wala siku gani. Akaandika kulalamika. Jibu likarudi la mashine, maneno yale yale. Alipomsimulia mzee mmoja wa kanisa, mzee akacheka: "Mwanangu, si mchezo tu huo? Nenda katafute abiria."

Mzee ana hoja. Gemu haijengi nyumba, na yapo maisha yaliyopotea kwenye skrini. Lakini kwa upande mmoja mzee alikosea. Yule kijana hakulilia mchezo. Alililia kuhukumiwa bila kusikilizwa na kufutiwa kazi ya mikono yake na mtu asiyemwona. Kilio hicho ni cha zamani sana. Yakobo alikilia kwa Labani.

Tukumbuke habari yenyewe katika Mwanzo sura ya 31. Yakobo alimtumikia mjomba wake miaka ishirini, mchana akiunguzwa na jua, usiku akipigwa na baridi, usingizi ukimkimbia. Mshahara wake ukabadilishwa mara kumi. Hesabu ilikuwa mkononi mwa Labani, na mwenye hesabu alipoona kijana anapata, alibadilisha kanuni. Biblia haikuicheka habari hiyo. Inasema Mungu aliyaona mateso ya Yakobo na kazi ya mikono yake, akamkemea Labani usiku.

Huenda mtu akasema: labda kijana kweli alidanganya. Inawezekana, maana wapo wanaotumia programu za wizi ili washinde, na wenye gemu wana haki ya kuwalinda wachezaji waaminifu. Lakini hata mashine za kunasa wadanganyifu hunasa wasio na hatia. Mwezi Julai 2010 kampuni ya Valve ya Marekani iliwafungia kimakosa wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2. Mfumo wake ulilinganisha faili na kuona tofauti, ukahukumu kwamba mchezaji amechezea programu, kumbe tofauti ile ilitokana na mfumo wenyewe. Mwezi Oktoba 2024 kampuni ya Activision nayo ilikiri kwamba mfumo wake wa kuzuia udanganyifu ulikuwa na kasoro iliyowafungia wachezaji halali, ikasema imewarudishia akaunti zao.

Ile kampuni ya 2010 ilifanya jambo la kuigwa. Mkuu wake, Gabe Newell, aliwaandikia wachezaji kuomba radhi, akasema kosa ni la kampuni. Adhabu zikafutwa, na kila aliyeonewa akapewa gemu nyingine bure, pamoja na nakala ya kumpa rafiki. Ukisoma habari hiyo huwezi kuacha kumkumbuka Zakayo juu ya mkuyu. Zakayo hakusema "samahani" akaishia hapo. Alisema atarudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Toba yenye kurudisha ndiyo Bwana aliyoipokea nyumbani kwake. Ni ajabu kidogo kwamba kampuni ya michezo iliweza kufanya jambo ambalo kamati zetu nyingi za kanisa hazijawahi kulifanya.

Lakini si kila kurudisha sifuri ni dhuluma. Ligi Kuu inapoanza, Simba na Yanga huanza na pointi sifuri sawa na timu iliyopanda daraja jana. Hakuna anayelalamika, kwa sababu tatu: kanuni inajulikana kabla, inawahusu wote, na makombe ya miaka iliyopita yanabaki kabatini. Hata sheria ya Musa ilikuwa na mwaka wa yubile, kila mwaka wa hamsini, ambapo ardhi iliyouzwa ilirudi kwa ukoo wake. Huko nako ni kuanza upya. Ila tazama unaelekea upande gani: yubile ilimrudishia aliyepoteza, haikumnyang'anya aliyetoa jasho. Dhuluma ni pale kanuni inapobadilika usiku, kwa mtu mmoja, bila sababu kutajwa na bila mlango wa kukata rufaa.

Nchini kwetu tuna mfano mzito zaidi kuliko gemu. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya mtihani wa darasa la saba katika shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba, na katika shule kadhaa za maeneo mengine, baada ya kubaini kwamba mtihani ulivuja. Udanganyifu ule ulikuwa wa kweli na ulistahili kukomeshwa. Lakini katika wilaya nzima, je, hakukuwa na mtoto aliyesoma kwa kibatari na kujibu kwa akili yake mwenyewe? Huyo naye alifutiwa. Ndilo swali ambalo Ibrahimu alimuuliza Mungu juu ya Sodoma katika Mwanzo sura ya 18: je, mwenye haki ataangamizwa pamoja na mwovu? Na Mungu hakumkaripia Ibrahimu kwa kuuliza. Alimsikiliza kutoka hamsini mpaka kumi. Kwa Chemba, angalau mlango uliachwa wazi: watoto walirudia mtihani Oktoba 8 mwaka ule ule. Mwenye mamlaka anapolazimika kufuta, aache mlango wa mtu kuonyesha tena alichonacho.

Ndugu zangu, mpaka hapa ni rahisi kuwanyooshea kidole wenye gemu na wenye mitihani. Sasa tugeuze kidole.

Katika makanisa yetu kuna mama ambaye kwa miaka ishirini amepika kwenye semina, amefagia kanisa kila Jumamosi, amekesha kwenye misiba ya watu ambao hakuwajua hata majina. Kisha akaugua. Mwaka mmoja kadi yake ya zaka ikabaki tupu, jumuiya hakufika. Siku ya kifo chake ndugu wanakwenda kwa viongozi kuomba ibada ya mazishi, na swali la kwanza wanaloulizwa ni: "Alikuwa hai kanisani?" Daftari linafunguliwa, na mstari mtupu wa mwaka mmoja unafuta mistari iliyojaa ya miaka ishirini. Tofauti yake na akaunti ya yule kijana ni ipi? Moja tu: yeye hawezi hata kuandika kulalamika.

Kuna binti aliyeimba kwaya tangu Shule ya Jumapili. Akapata mimba nje ya ndoa. Kanisa lina haki ya kumrudi, na marudi ni pendo. Lakini kumrudi mtu kwa kosa lake ni jambo moja, na kusema hakuwahi kuwa kitu ni jambo jingine. Tunafuta kosa pamoja na utumishi, kama mtu anayechoma nguo kwa sababu ya doa. Na mara nyingi yule kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda.

Huku kwetu ziwani nako ni hivyo hivyo. Vijana huvua dagaa usiku wakati wa giza, na mbalamwezi ikitoka hupumzika na kugawana mapato. Kazi ya usiku mwingi inakaa ndani ya daftari la mwenye chombo. Mwenye chombo akisema daftari limelowa, au akikumbuka ghafla mafuta ambayo hayakuandikwa, usiku ule umefutika. Yakobo mtume, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Sasa tumtazame Mungu mwenyewe anavyotunza kumbukumbu. Naye anafuta, tena anafuta sana. Kwa kinywa cha Isaya alisema anayafuta makosa yetu kwa ajili yake mwenyewe na dhambi zetu hazikumbuki tena. Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba hati ya deni iliyotushitaki ilifutwa na kupigiliwa msalabani. Lakini kazi njema je? Waraka kwa Waebrania, sura ya sita, unasema Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yetu na upendo tulioonyesha kwa kuwahudumia watakatifu. Nehemia alipomaliza kutengeneza nyumba ya Mungu aliomba neno moja: kwamba matendo yake mema yasifutwe. Na kikombe cha maji baridi alichopewa mdogo, Bwana alisema hakitakosa thawabu.

Mungu, basi, anafuta deni na anatunza jasho. Sisi tunafanya kinyume. Kosa la mwanakwaya la mwaka 2009 tunalikumbuka na tarehe yake, lakini miaka yake ya utumishi tumeisahau. Tukitaka kujua kama tunafanana na Baba yetu, tuangalie kifutio chetu kinapita upande gani wa daftari.

Kutunza kumbukumbu kunaokoa maisha. Mordekai aliokoa uhai wa mfalme, ikaandikwa, akasahaulika. Usiku mmoja mfalme alikosa usingizi, akaagiza kitabu cha kumbukumbu kisomwe, na ule mstari mmoja ukageuza njama ya Hamani. Kama karani fulani angekuwa ameufuta, asubuhi ile mti wa Hamani ungekuwa umemsubiri Mordekai.

Msomaji mwingine atauliza: je, Paulo hakuyahesabu mambo yake yote kuwa hasara kwa ajili ya Kristo? Ndiyo, katika Wafilipi sura ya tatu. Lakini aliyeyahesabu hivyo ni Paulo mwenyewe, kwa hiari yake, kwa sababu amepata kilicho bora zaidi. Kuweka chini mzigo wako ni sadaka. Kuporwa mzigo si sadaka, na aliyekupora hana haki ya kukusomea Wafilipi. Tusitumie habari za kuweka hazina mbinguni kumziba mdomo aliyedhulumiwa duniani.

Kwa vijana nina neno. Masharti ya gemu nyingi, yale mnayobonyeza "nakubali" bila kusoma, yanasema akaunti si mali yako. Umeruhusiwa kuitumia tu, na mwenyewe anaweza kuifunga. Cheza kwa kiasi, ukijua unajenga kwenye kiwanja cha mtu. Wanafunzi sabini walirudi kwa Yesu wakiwa na matokeo mazuri, wakihesabu pepo waliowatii. Bwana hakuyadharau, lakini aliwaelekeza kwenye furaha nyingine: kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Heshima yako usiiandike yote kwenye kitabu ambacho mwingine ndiye mwenye kalamu.

Kwa wazee na viongozi nina ombi. Kijana akija kulia juu ya jambo mnaloliona la kipuuzi, msimcheke. Anawajaribu kama mnaweza kubebeshwa jambo kubwa zaidi. Na wiki hii fungueni madaftari yenu. Tafuteni majina yaliyokatwa, muulize kila moja lilikatwa kwa nini, nani alimsikiliza mwenye jina, na kama mlango wa kurudi uliachwa wazi. Palipo na kosa lenu, ombeni radhi kama Zakayo, kwa kurudisha. Kama aliyekatwa amelazwa kitandani, pelekeni radhi hiyo kabla hamjaitwa kumzika.